Mama wa Mtungi Kaenda Wapi?

Jumamosi yangu ilishapangwa: chai, kulala, chai. Shemeji, anayeuza vinyago pale Mwenge, akaivuruga. "Shem, twende maonyesho ya wachongaji, kiingilio bure." Neno bure limenitia hasara maisha yangu yote. Safari hii lilinila nauli ya bajaji mbili, maana ya kwanza ilitushusha kwenye ukumbi wa harusi.

Kumbe wachongaji sita walikuwa wamepokezana kazi moja. Wa kwanza anachonga. Wa pili anaitazama dakika kumi, inafunikwa khanga, naye anakwenda kutengeneza alichoelewa. Wa tatu anaona ya wa pili tu. Hivyo hivyo mpaka wa sita, na kuulizana marufuku.

Ya kwanza niliipenda, sina ubishi. Mpingo: mama kabeba mtungi kichwani, mdomo wa chini umetokeza kidogo kama anayetaka kumjibu mtu. Ile sehemu nyeupe ya nje ya mti mchongaji kaiacha ukingoni mwa mtungi tu, ikakaa kama maji yanayotaka kumwagika. Ningeishia hapo nikarudi kulala. Wa pili, wa udongo, kabakiza mtungi, mama kawa kiuno. Wa tatu, wa waya, kaona duara. Wa nne kaongeza duara la pili, kalitoa wapi anajua mwenyewe. Wa tano nilimpita. Wa sita, mtu wa vyuma chakavu, kachomelea pikipiki! Ina mnyororo, ina stendi, na taa ya mbele ni kifuniko cha sufuria.

Watu wakapiga makofi. Kijana wa kutuongoza akasema hapo kazi zinazungumza. Zinazungumza nini? Mama wa watu katumwa maji, karudi bodaboda, na hakuna aliyeuliza maji yako wapi.

Mimi maonyesho haya ninayo nyumbani. Mwaka jana nilimchorea fundi seremala kabati la vyombo, milango miwili, nyuma ya risiti. Akaniletea kitu chembamba cha mlango mmoja, kirefu kama jeneza lililosimamishwa. "Bosi, si ndivyo ulivyochora?" Alikuwa ameishika risiti kiubavu. Hakuna aliyenipigia makofi. Nililipa, na humo sasa tunaweka mafagio.

Shemeji akanicheka. Akanikumbusha habari wanayosimuliana wachongaji wa Kimakonde: miaka ya 1950, Samaki Likankoa alikuwa anachonga, mkono wa kinyago ukakatika. Badala ya kukitupa, akakipeleka kwa Mohamed Peera, mfanyabiashara wa vinyago Dar es Salaam, naye akakipenda. Ndiyo ikawa njia ya vile vinyago vya mashetani, jicho moja huku, mguu kule, vinavyonunuliwa na wageni mpaka leo. "Unaona, Shem? Kosa nalo lina mteja."

Mteja wa kabati langu sijamwona.

Hata hivyo maneno yalinikaa. Tulipofika nyumbani nikamweleza Mama Neema kwamba lile kabati si kosa, ni tafsiri ya fundi. Akanisikiliza vizuri, akaingia jikoni, akarudi na ugali na bakuli la mchuzi mtupu.

"Nyama je?"

"Nyama kala wa kwanza, Baba Neema. Wewe ni wa sita."

Shemeji alikuwa ameshanawa mikono, anajichokonoa meno.