Sweta Jeusi la Shingo Ndefu

Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa Apple, alijulikana kwa sweta jeusi la shingo ndefu, kazi ya mbunifu Mjapani Issey Miyake, na kwa mshahara wa dola 1 kwa mwaka: zuhudi ya kupigiwa mfano, ukiweka kando hisa na ndege aliyozawadiwa. Sweta hilo lina nguvu kuliko hirizi. Anayelivaa haulizwi hesabu. Elizabeth Holmes alilivaa, na kampuni yake Theranos, iliyoahidi kupima maradhi kwa matone machache ya damu, ikathaminiwa dola bilioni 9. Kwamba mashine haikuweza vipimo hivyo ni jambo dogo. Shingo ilikaa vizuri. Mwaka 2022 mahakama ya Marekani, isiyojua mitindo, ilimfunga zaidi ya miaka 11. Sweta halikushtakiwa.