Namna ya Kudanganya Macho kwa Vipande vya Fundi

Sikukuu ya wanawake ya 8 Machi inakaribia, unataka nguo mpya, na mfukoni hamna bei ya kikwembe cha yadi 6. Sogea karibu, mama, nikunong'oneze. Nguo utavaa, tena watakuuliza umeishonesha wapi.

Kwanza, usinunue kitu. Subiri wiki ya mwisho, mafundi wa Uvira wakiwa wanakesha kwenye cherehani kuanzia Kavimvira hadi Kalundu, vipande vimejaa chini ya miguu yao. Nenda jioni, wakati fundi amechoka na bado hajafagia. Mwombe mfuko mmoja. Mpelekee ndizi mbili za kuiva, na kesho atakuwekea vile vikubwa.

Pili, fua kila kipande kabla ya kukata. Kikwembe cha bei rahisi huchuja. Nyekundu ikimwagikia nyeupe ukiwa umekaa kanisani, siri imekwisha.

Tatu, na ujanja wote uko hapa: tafuta rangi moja ya kupatanisha. Vipande ishirini vya maua tofauti vikibanana hugombana. Vitenganishe kwa bluu moja tulivu, vitaelewana. Bluu hiyo unayo nyumbani, ni suruali ya shule ya mtoto, iliyoisha matakoni lakini miguuni bado nzima. Ikate tepe za upana wa vidole viwili, uzipitishe katikati ya maua.

Nne, shona kwa mkono, sindano ikirudi nyuma kidogo kila inapopiga hatua. Uzi ukikatika, mshono huo haufumuki wote. Kila mshono upige pasi ya makaa kabla hujaunga mwingine. Ndani weka shuka kuukuu, maana upande wa nyuma ndio unaomsaliti mshonaji, na wifi yako lazima ataugeuza.

Umekosea, mkasi umetoboa? Vizuri. Ziba tundu kwa kiraka chenye umbo, kisha rudia umbo hilo mahali pengine patatu, litakuwa pambo. Wakuba wa Kasai hutwanga kitambaa cha rafia ili kilainike, na kutwanga hutoboa. Inasimuliwa kwamba viraka vyao maarufu vilianza kwa kuziba matundu hayo. Mchoraji Matisse alitundika vitambaa vyao ukutani kwake Ufaransa. Hata kikwembe cha waksi kilizaliwa hivyo. Waholanzi waliiga batiki ya Java kwa mashine, utomvu wa kuzuia rangi ukapasuka, rangi ikapenya, na wanunuzi wa Afrika Magharibi wakazipenda nyufa zile.

Sasa vaa. Wakikuuliza ilishonwa wapi, usijibu haraka. Geuka kwanza waone mgongo, maana ndiko ulikoweka vipande vizuri kuliko vyote. Halafu sema umeshona mwenyewe, na uwaelekeze kwa fundi aliyekupa mfuko. Yeye anahitaji wateja, na wewe utahitaji vipande tena.