Bandika "-ly", Uonekane Umesoma

Umeitwa kwenye usaili, au umeshikishwa maiki harusini, na Kiingereza lazima kitoke. Vivumishi achana navyo, hivyo ni vya wanaoanza. Kila neno linalofuata kitenzi, libandike "-ly", kisha tulia usubiri makofi.

Kiswahili chenyewe kitakusukuma huko. Sisi hujisikia vibaya, na pilau yetu hunukia vizuri. Hiyo "vi-" tumezaliwa nayo. Basi simama mbele ya sufuria ya mama mkwe, utamke bila woga: "The pilau smells nicely." Umemwambia pilau yake ina pua, tena pua hodari ya kunusa. Mkwe gani hatafurahi?

Jirani akifiwa, mwambie "I feel badly." Maana yake, ukiibana sana, ni kwamba hujui kupapasa, vidole vyako vina hitilafu. Bibi harusi naye mpe "You look beautifully": umesifu ufundi wake wa kutazama, gauni hukuligusa. Na kwenye barua ya kazi andika "I work hardly." Mwajiri atasoma kwamba kazi huigusi kabisa, na huenda katika rundo lile lote ni wewe peke yako uliyesema kweli.

Jihadhari na wakorofi wenye kipimo. Hao hukitoa kitenzi chako, wakaweka "is" mahali pake. "The pilau is nice" inasimama? Basi "smells" haikutenda lolote, imekuja kuieleza pilau tu, na kinachoifuata ni kivumishi: "smells nice." Ndivyo wanavyozifanyia pia "look", "feel", "taste" na "sound". Lakini konda akikukodolea macho kwa hasira, "is" haiingii. Macho yamefanya kazi, kwa hiyo "he looked angrily at me" ni sahihi. "He looked angry" ni sura tu, hapo nauli bado inaongeleka. Watu wa namna hii usikae nao meza moja.

Lipo na "well", ndumilakuwili. Kwa kawaida ni kielezi, ila likihusu afya hugeuka kivumishi. "I feel well" ni mzima wa mwili. "I feel good" ni moyo uliochangamka. Wengi, hata waliozaliwa na Kiingereza, huliona "well" pale wakadhani ni kielezi, wakalitafutia mwenzake, ndipo "feel badly" ikapata kwa kuegemea. Kwa hiyo ukikosea, umekosea pamoja na wenye lugha.

Ukisahihishwa hadharani, jibu kwamba mwaka 1997 kampuni ya Apple ilijitangaza kwa "Think Different", bila "-ly" yoyote. Si jibu la swali, maana "think" haimo katika kundi lile. Lakini aliyekusahihisha atalazimika kueleza kwa nini, na akianza tu kueleza, wewe omba ruhusa ukanawe mikono.