Rangi ya Kijani Ilipokuwa Nyekundu

Aibu ya kuonyesha programu mbele ya wakurugenzi ikagoma ni jambo la kawaida; iliyo nadra, na ambayo bado inaichoma idara ya usanifu ya kampuni moja ya huduma za fedha, ni aibu ya programu kutii amri barabara.

Mfumo wa pamoja wa usanifu ni hazina ya vitufe, rangi, herufi na kanuni za kuvitumia, ambamo bidhaa zote za kidijitali za kampuni huchota badala ya kila timu kujichongea vyake. Wazo lenyewe ni kongwe, kwani mwaka 1970 Massimo Vignelli na Bob Noorda walikwisha kuandaa mwongozo wa alama za treni za chini ya ardhi za New York. Ila mwongozo wa karatasi unaweza kupuuzwa kimyakimya, ilhali mfumo wa leo hutekelezeka wenyewe kwa njia ya tokeni, yaani jina linaloshika nafasi ya thamani. Skrini huchanganya nyekundu, kijani na bluu, kila moja kwa viwango 256, hivyo rangi zinazowezekana ni 16,777,216, na mahali pasipo na tokeni kila mwandishi wa programu huandika ile anayodhani ndiyo, hata kampuni inayojiona ina kijivu kimoja hukuta ina ukoo mzima. Wala si suala la urembo tu: juu ya weupe, kijivu cha #767676 hutimiza uwiano wa 4.5 kwa 1 unaotakiwa na WCAG, miongozo ya ufikivu wa tovuti, ili maandishi ya kawaida yasomeke, ilhali #777777, ambacho jicho halioni tofauti yake, hufeli.

Tokeni ikibadilishwa thamani mahali pamoja, kila skrini inayoitaja hubadilika, na hilo ndilo wakurugenzi waliloahidiwa kuliona. Kwa kuwa nembo ilikuwa imehama kutoka kijani kwenda nyekundu, msanifu alibadilisha thamani moja, skrini zikageuka papo hapo, makofi yakapigwa. Tokeni hiyo, hata hivyo, ilikuwa imepewa jina la sura yake, “kijani”, badala ya jina la kazi yake, kama vile “rangi ya nembo” au “rangi ya mafanikio”. Kwa hiyo alama ya tiki na maneno “Malipo yamekamilika” navyo vikawa vyekundu, na mkurugenzi wa fedha, ambaye mada za usanifu kwa kawaida humsinzisha, akauliza pesa zimekwenda wapi. Maelezo kwamba kijani sasa ni nyekundu hayakumridhisha mtu aliyeajiriwa kuwashuku wanaozungumza hivyo.

Katika onyesho hilohilo, kitufe cha “Thibitisha malipo”, kilichopimwa kwa neno fupi la Kiingereza, kilikatika kikamtaka mteja athibitishe mali.

Lisilochekesha ni kwamba mfumo huo ulijengwa na watu wawili kwa saa walizoiba kwenye kazi nyingine, maana bajeti hutengewa kile tu ambacho mteja anakiona. Timu zilizoombwa zitoe japo mtu mmoja wa kukagua majina ya tokeni zilijibu kwamba zimebanwa, lakini baada ya kikao zilipata nafasi ya kuandika waraka mrefu wa kueleza kwa nini kila moja inastahili kitufe chake yenyewe. Waraka huo, tofauti na maombi ya kuongezewa watu, uliidhinishwa siku ileile.