Mbuzi wa Majaribio

Jumapili, usiku

Nimeanza. Tovuti itaonyesha bei za mifugo katika masoko ya Kajiado: Bissil, Kiserian, Kajiado mjini na hapa kwetu Kitengela. Mama watoto aliuliza ni nani ameniomba. Nikasema hakuna. Akasema basi hakuna atakayelalamika.

Sababu ni baba mkwe. Wakati wa ukame wa 2022 aliuza fahali wawili kwa bei ambayo kwa heshima yake siiandiki hapa. Niliona kwamba angekuwa na bei ya Kiserian kwenye simu, broka asingempata kirahisi. Yeye anasema angeuza tu, kwa sababu nyasi hazikuwepo. Hilo sikuliingiza katika mpango wa mradi.

Jumatatu

Hifadhidata niliyochagua ni SQLite. Mmarekani Richard Hipp aliianza mwaka 2000, akiwa kwenye kazi ya programu za manowari za Marekani, zile za kurusha makombora. Alitaka kitu ambacho hakingesimama kwa sababu seva mahali fulani imelala. Kwa hiyo hakuna seva ya hifadhidata. Data yote inakaa ndani ya faili moja, na unaweza kuibeba kwenye flashi mfukoni. Yangu leo ina mbuzi mmoja.

Mbuzi huyo hayupo. Nilihitaji mstari wa kujaribia, nikaandika: beberu, Kitengela, shilingi 100. Kwenye simu nikaweka nambari yangu, maana ndiyo ninayoikumbuka bila kuangalia. Kisha nikanakili faili kwenye flashi. Watu wengi huanza kuweka nakala baada ya kuumia. Mimi nimeanza siku ya kwanza, na nitalala vizuri.

Jumanne

Stima ilipotea saa moja jioni, ikarudi saa nne. Intaneti haikurudi.

Jumatano

Fundi wa intaneti amekuja na ngazi. Ngazi haikuhitajika. Alifuata waya kutoka ukutani, akapita ua, akafika kwenye kiwanja cha jirani ambacho bado hakijajengwa, akasimama. Mbuzi wa jirani wameula. Alinionyesha alama za meno na kunieleza, kama mtu aliyekwisha kuliona jambo hili mara nyingi, kwamba wanaanza na ganda. Mbuzi walisimama pale pale wakatutazama.

Jirani amesema pole. Sikumwambia kwamba natengeneza tovuti kwa ajili yao.

Alhamisi

Mbuzi anaingia kwenye hifadhidata. Kondoo anaingia, hata Dorper. Punda anaingia. Ng'ombe haingii.

Nimekaa na jambo hili kuanzia saa mbili usiku hadi saa saba. Ukiandika ng'ombe kisha ubonyeze kitufe cha kuhifadhi, mashine inajibu kwamba kuna kosa la sarufi karibu na «ombe». Nimetafuta ombe katika programu nzima. Hakuna. Nikatafuta kwenye kamusi pia, kwa kuwa saa sita usiku mtu hufanya mambo.

Kisa chenyewe ni ritifaa. Katika lugha ya hifadhidata, ile alama ndogo ya juu ndiyo inayofungua maneno na ndiyo inayoyafunga. Mashine inasoma ng, inaona alama, inajua neno limekwisha. Halafu inamkuta ombe nje ya zizi, hana mwenyewe. Hapo inakataa kuendelea.

Nimesoma pia kwamba huu ndio mlango wa wezi. Mwizi akifika mahali pa ombe huandika amri, na mashine hutii. Kwa hiyo mkulima wa Isinya anayetaka kuuza ng'ombe wake na kijana anayetaka kuiba data yangu wanaanza kwa njia moja. Mkulima ndiye aliyetangulia, kwa sababu hapa ni Kajiado. Ningekuwa najenga tovuti ya parachichi pengine ningezeeka bila kujua.

Ijumaa

Kwa muda nimeondoa ritifaa ili kazi isonge. Sasa ni ngombe. Shemeji aliona kabla ya saa tatu asubuhi, akaandika kwenye kundi la ukoo kwenye WhatsApp: «Ngombe ni nini?» Walioweka alama ya kicheko ni kumi na wanne, mchungaji akiwemo.

Jioni nikafanya ilivyotakiwa tangu mwanzo: ndani ya amri unaacha nafasi tupu, neno lenyewe unalikabidhi pembeni, mashine inajua kwamba hilo ni la kuhifadhiwa, si la kutekelezwa. Mistari minne. Kina Ng'ang'a nao wamepata kuingia kwa mlango huo huo.

Jumamosi

Nimebandika karatasi yenye anwani ya tovuti kwenye duka la dawa za mifugo. Mwenye duka ameipokea vizuri na kuifunika nusu kwa tangazo la dawa ya minyoo.

Mabroka wanne wamejiandikisha. Watatu kati yao hawapatikani. Nambari zao zina tarakimu tisa. Niliitambulisha safu ya simu kama namba, na kwa hifadhidata namba haianzi na sifuri, kama vile mtu hasemi ana shilingi sifuri mia tano. Sifuri zimekwenda. Nimebadilisha safu iwe ya maandishi. Nikaanza kurudisha sifuri moja moja kwa mkono, nikamrudishia sifuri na mmoja aliyekuwa ameandika 254.

Huyo alipiga simu kulalamika kwamba hapigiwi simu.

Jumapili

Kanisani. Mchungaji aliniuliza ngombe wanaendeleaje.

Jumatatu

Mwaka 1970 Mwingereza aitwaye Edgar Codd, aliyewahi kurusha ndege za kivita katika vita vya pili vya dunia na wakati huo akiwa mfanyakazi wa IBM kule California, alichapisha makala yaliyoeleza namna ya kupanga data katika majedwali. Karibu hifadhidata zote zinazotumika ofisini leo zinatoka kwake. Kila mstari uwe na ufunguo wake, na kitu kimoja kisiandikwe mara mbili.

Jedwali langu la mahali lina Bissil, Bisil, Ilbissil na Il Bissil. Lina Kitengela na Noonkopir, ambazo mtu anayeshuka matatu hapa anaweza kuzitaja kwa pumzi moja. Lina Kajiado, na tangu leo lina Olkejuado, ambalo niliona aibu kulifuta kwa sababu ndilo jina lenyewe: mto mrefu, kwa Kimaasai. Hata halmashauri ya zamani, kabla ya kaunti kuanza 2013, iliitwa Olkejuado. Aliyeandika ni mzee. Nimeacha yote mawili. Kwa mujibu wa tovuti yangu, bei ya mbuzi Olkejuado ni nafuu kuliko Kajiado kwa shilingi mia tano.

Jumanne

Broka ameandika kwamba soko litaanza 2:00. Alimaanisha saa mbili asubuhi, kama anavyomaanisha kila mtu. Programu ilisoma saa nane usiku. Kisha ikakumbuka kwamba seva iko kwenye saa ya dunia, na sisi tumeitangulia kwa saa tatu, ikatoa tatu. Tovuti sasa inatangaza kwamba soko ni saa tano usiku, jana.

Mtu mmoja alipiga simu kuuliza kama kuna taa.

Siku ya soko

Nimeomba ruhusa kazini, nikapanda matatu hadi Bissil kukusanya bei mwenyewe. Kupita Kajiado mjini, abiria wa pembeni aliona kompyuta magotini akaniuliza kama ni ya kupimia mashamba. Nikasema hapana. Alishuka akiwa hajaniamini.

Bei hazikusanyiki kirahisi. Broka na muuzaji hushikana mikono na kuzungumza kwa sauti ya chini, na ukisogea na simu wote wawili wanaanza kuzungumzia mvua. Niliwauliza bei za wanyama tisa. Nikapata bei mbili, na moja ilikuwa ya chai. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka uwe na msingi wa kisheria, kama ridhaa ya mtu, kabla hujaweka habari zake, kwa hiyo nilimwomba broka mmoja ridhaa. Akaniuliza ridhaa ni kiasi gani.

Mchana nikaenda kwa baba mkwe. Ananiita Paker, kwa sababu ya kondoo niliyempa. Kwa Wamaasai ndivyo waliopeana kondoo wanavyoitana, na jina la kwenye kitambulisho linapumzika. (Jedwali langu la watumiaji lina safu moja ya jina.) Nikamfungulia fomu. Alisikiliza mpaka tukafika kwenye kisanduku cha idadi ya ng'ombe. Kisanduku hicho ni cha lazima. Nilikiweka hivyo mwenyewe.

«Paker,» akasema, «ng'ombe hahesabiwi.»

Nilijua. Nimeoa katika boma hili miaka tisa. Nikamwambia si kuhesabu, ni kujaza tu, na hakuna atakayeona.

«Anayehesabu ni mwizi,» akasema. Akanitazama kidogo. «Na karani.»

Mimi ni karani wa ghala Athi River.

Jioni ng'ombe wakarudi. Alisimama mlangoni mwa zizi ameegemea fimbo, wakapita mbele yake kwa vumbi, wala sikumwona akitikisa mdomo. Wa mwisho alipoingia akamwambia kijana kwamba yule mtamba mwenye doa begani hayupo. Kijana akaenda, akamkuta nyuma ya migunga. Sikupima ilichukua sekunde ngapi. Hifadhidata yangu ingeweza kujibu swali hilo pia, mradi kila ng'ombe aandikwe anapotoka na aandikwe tena anaporudi.

Nimeondoa ulazima kwenye kisanduku.

Alhamisi

Usiku huu nilitafuta faraja kwa kusoma habari za Ushahidi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 na ghasia zilizofuata, Ory Okolloh aliomba mafundi wamsaidie kuonyesha kwenye ramani mambo yaliyokuwa yakitokea. David Kobia, Erik Hersman, Juliana Rotich na wenzao wakaingia kazini, na Januari 2008 tovuti ilikuwa hewani. Watu walituma ripoti kwa meseji na kwa intaneti, zikaingia kwenye hifadhidata na kutokea kwenye ramani. Programu hiyo ilikuja kutumika hadi Haiti baada ya tetemeko la 2010. Ilijengwa kwa siku chache, nchi ikiwaka.

Mimi nina wiki ya pili, na nchi imetulia.

Ijumaa

Saa kumi na moja alfajiri simu imeita. Sauti ya mwanamume, ya heshima. Anauliza kama beberu wa mia bado yupo.

Nikasema beberu gani. Akasema wa kwenye tovuti. Shemeji amesambaza kiungo kwenye makundi matatu na maneno «Mkwe wetu anauza bei ya hasara.» Nimeeleza kwamba ni mbuzi wa majaribio. Akanyamaza, kisha akauliza anajaribiwa nini.

Hadi saa nne wamepiga kumi na mmoja. Mmoja alidhani ni elfu mia na bado alitaka kujua ni wa aina gani.

Jumamosi

Mtu amefika nyumbani. Ametoka Isinya kwa boda na ana kamba. Sijui alielekezwa na nani, ingawa mwenye duka la dawa za mifugo alinipungia mkono kwa namna fulani baadaye. Nilimkaribisha chai. Nikafungua kompyuta nikamwonyesha jedwali, mstari wa kwanza, nikamweleza kwamba mbuzi yuko pale tu. Aliangalia skrini kwa makini na adabu. Akauliza kama anaweza kumwona kwa nyuma.

Mbuzi wa jirani walipita nje ya dirisha. Akawatazama, akanitazama. Nikasema si wangu. Hakusema kitu, akaizungusha kamba mkononi mara moja.

Nimemlipia nauli ya kurudi, shilingi 300.

Jumapili, usiku

Nimemfuta yule beberu. Amri ya kufuta ina sehemu mbili: unataja jedwali, kisha unataja ni mstari upi. Sehemu ya pili si lazima. Ukiisahau, mashine haiulizi kama umechoka. Inafuta jedwali zima na kukuambia idadi. Ilisema 212.

Ni bei zote, za masoko yote, pamoja na zile mbili za Bissil. Mama watoto alinisikia nikivuta pumzi akauliza kama ni nyoka.

Nikakumbuka flashi. Niliikuta sebuleni, imechomekwa kwenye runinga. Watoto waliijaza katuni, lakini faili yangu hawakuigusa. Ilikuwa nzima kabisa, ya ile Jumatatu ya kwanza. Nimeirudisha kwenye seva bila kosa lolote, na tovuti ikafunguka kwa kasi ambayo haijawahi kuwa nayo.

Ina mbuzi mmoja. Beberu, Kitengela, shilingi 100.

Nilikuwa nimfute hapo hapo. Stima ikapotea.

Jumatatu, alfajiri

Simu. Anatoka Mlolongo, yuko njiani. Nimemuuliza kama ana kamba. Anayo.