Heko, Bwana Chavua

Pwani hii husifiwa kila kilichomo: nazi, bahari, halua, hata mbuyu usiotikisika. Bwana Chavua peke yake hana wa kumsifu. Vumbi hili la maua tunalitaja kwa makosa yake tu: hutia doa la manjano kwenye kanzu ya Ijumaa, huwasha macho, tena humpigisha mtu chafya katikati ya khutba ya nikahi. Leo nasimama kumtetea, bila ada.

Kwanza, ni tajiri. Ndani ya punje ndogo kupita chembe ya unga ameweka wanga, sukari, mafuta, vitamini za kundi B, potasiamu, zinki na chuma. Protini yake, kutegemea mmea, huanzia chini ya asilimia 3 ikapita asilimia 60. Nyama ya ng'ombe pale Kongowea ni kama asilimia 20 tu. Muuza nyama atasema yake imepimwa pamoja na maji. Tumekubali, na ashushe bei basi.

Pili, ajua kujenga. Kiwanda cha Bamburi kimetengeneza saruji kwa mawe ya matumbawe tangu 1954. Lakini mawe hayo hayo ukiyakamulia ndimu hutoa povu, yaani asidi inayala. Ukuta wa nje wa chavua, kinyume chake, ni wa dutu ngumu iitwayo sporopolenini: wanasayansi huuchemsha ndani ya asidi kali ili uchafu mwingine utoke, nao hubaki na nakshi zake. Ndiyo maana punje za maelfu ya miaka hupatikana kwenye tope la mikoko, bado zikitaja mimea iliyozizaa. Fundi gani wa Kisauni atatoa dhamana hiyo, naye simu yake huzimwa mvua ya kwanza ikinyesha?

Doa la kanzu nalo ni heshima. Chavua ya kubebwa na wadudu hupakwa mafuta yenye rangi za ukoo wa karoti, apate kumnata nyuki. Nyuki huyo, akirudi kutoka maua ya mchu huko Port Reitz, hubeba mbochi wa kumpa nguvu, lakini majana hulelewa kwa chavua: bila protini yake walezi hawatoi maziwa ya kuwalisha. Asali tunaila na kuisifu. Aliyelea mzinga hatajwi.

Na bibi harusi mwenye kikuba cha asumini na mkadi, amebeba nini? Ua la mkadi linalonukia ni la dume, kazi yake ni kutoa chavua. Mgeni akipiga chafya, hulaumiwa vumbi la barabara ya Changamwe.

Chafya yenyewe si kosa lake. Protini zake huyeyuka puani, mwili ukadhani umevamiwa, ukamwaga histamini. Ni mlinzi aliyempigia mgeni yowe la mwizi.

Sasa tuvuke Likoni. Anayengoja feri ameshika hindi la kuchoma. Kila unywele wa hindi ulikuwa njia ya punje moja ya hindi hilo: chavua iliangukia unyweleni, ikatoa mrija, ukashuka hadi chini. Penye pengo kwenye gunzi, Bwana Chavua hakufika. Basi mpiga chafya, ukishasema Alhamdulillahi kwa kubaki hai, ongeza moja kwa ajili ya hindi. Usipotaka, nunua lenye mapengo, muuzaji atakupunguzia.