Kiputo Kilichoshiba

Simba amesifiwa vya kutosha, na dhahabu pia. Mimi nakisifu kiputo, hicho hicho cha kwenye jagi la uraka, ile pombe ya mabibo, hapa Malolo yanapokolea: kinapanda, kinavimba kichwa, kinampasukia mnywaji puani na hakiachi hata mirathi.

Nina deni nacho. Msimu uliopita simu yangu ilitumbukia kwenye jagi. Bibi muuzaji akaichungulia. "Mjukuu wangu, imekutangulia kulewa."

Nikaipeleka Ruangwa mjini, kwa fundi mwenye kibeseni cha chuma kinachotetema mara 40,000 kwa sekunde. Sikio la mtu halishiki sauti hiyo. Nilidhani ataitosa mara moja. Akawasha beseni likiwa na maji tu, viputo vikajipanga ukutani kama vya uraka, vikapanda taratibu. "Hivyo ni vya hewa, acha vitoke," akasema. "Kiputo kilichoshiba hakifanyi kazi."

Kumbe kweli. Wimbi likiyavuta maji, mwanya unafunguka, likiyabana, unafumba. Ukiwa na gesi tele, gesi hiyo inakuwa godoro: kiputo kinanywea, kinavimba tena, hakimdhuru mtu. Ulio karibu mtupu unabomokea ndani, joto lake linafika maelfu ya digrii kabla hujapepesa jicho, na maji yanachoma uchafu kama sindano. Waliosema debe tupu haliachi kuvuma hawakutuambia kwamba linang'ata pia.

Mhandisi Charles Parsons aling'atwa. Mwaka 1894 aliishusha majini Turbinia, meli yake ya mbio, na rafadha yake moja ikawa inazunguka ndani ya viputo badala ya kusukuma maji. Ilibidi hatimaye aweke rafadha tisa. Uingereza nzima ya chuma na makaa, imeangushwa na kitu kisicho na kitu!

Hata birika la chai: ule wimbo wake kabla ya kuchemka ni viputo vya mvuke vinavyopanda kutoka chini kwenye moto, vikakuta maji ya juu bado baridi, vikabomoka. Yakichemka kweli, wimbo unafifia.

Nilirudi Malolo jioni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Imelevuka?"

"Imelevuka, ila spika inakoroma."

Akanimiminia. Viputo vikapanda, vimeshiba, vipole kabisa. Simu nikaihamishia mfuko wa nyuma.